Adui wa tatu yuko wapi? Jibu kuhusu kata za upanga za kukabili watu wengi

Swali la msomaji: "Mwalimu, habari za kazi. Niko mwaka wa tatu katika iaido, sanaa ya Kijapani ya kuchomoa upanga na kukata, na siku nyingi za wiki nafanya mazoezi peke yangu kwenye baraza ya nyumba. Kata za adui mmoja, yaani mifuatano iliyopangwa ya kumkabili adui wa kufikirika, hazinisumbui sana. Nikifika Sanpogiri ya maadui watatu na Shihogiri ya wanne ndipo mambo yanapoharibika. Mikato naitoa yote kwa mpangilio wake, lakini sensei wangu kila akinitazama husema, 'Unakata hewa, watu wako wapi?' Nikimaliza najikuta nimesimama pasipo pangu, na goti la kushoto linauma. Nifanyeje mazoezi ya kata hizi bila watu? Na wenzangu wawili wakija, naweza kuwasimamisha wawe maadui?"

Ndugu msomaji, neno la sensei wako ndilo jibu lenyewe, ila linahitaji kufunguliwa. Katika kata ya adui mmoja, hata usipomwona, mwili unaelekea mbele na upanga unaishia mbele, kwa hiyo kosa linajificha. Katika kata ya watatu au wanne, kila adui ana mahali aliposimama, ana wakati anaoanza kusogea, na ana umbali anaohitaji ili akufikie. Usipoyajua hayo matatu kwa kila mmoja wao, utageuka kwa kukariri tu, na mguu utakwenda upande ambao goti halikukubali. Maumivu yako na lawama ya sensei vina chanzo kimoja.

Nitashika kata za Shirikisho la Kendo la Japani, Zen Nippon Kendo Renmei, kwa kuwa ndizo ulizozitaja. Zilitoka mwaka 1969 zikiwa 7, zikaongezwa 3 mwaka 1980 na 2 mwaka 2000, zikawa 12. Kati ya hizo, tano zina adui zaidi ya mmoja na zinakugeuza huku na huku: Tsuka-ate ya 4 ina wawili, mbele na nyuma, nawe umekaa, Morote-zuki ya 6 ina watatu, mbele na nyuma, Sanpogiri ya 7 ina watatu, mbele, kulia na kushoto, Ganmen-ate ya 8 ina wawili, mbele na nyuma, Shihogiri ya 10 ina wanne kwenye pembe nne. Sogiri ya 11 ina mikato mitano, lakini yote inakwenda mbele, kwa hiyo tuiache.

Tuanze na Sanpogiri, maana ukiielewa hii, Shihogiri inafunguka nusu. Unatembea kuelekea mbele. Mguu wa kulia unatua, mikono inashika upanga. Mguu wa kushoto unatua, na hapo unambana adui wa mbele kwa kumwelekezea kitako cha mpini, kana kwamba yeye ndiye unayemfutia upanga. Papo hapo unageuka kulia juu ya mguu wa kushoto, mguu wa kulia unaingia, na unamkata wa kulia kwa mkono mmoja kutoka utosini hadi kidevuni. Unageuka kushoto nyuzi 180, pale pale ulipo, unamkata wa kushoto kwa mikono miwili. Kisha nyuzi 90 kulia, upanga ukipanda kwa namna ya kukinga kichwa, mguu wa kulia unaingia, unamkata wa mbele. Haya yote unayajua. Sasa uweke upanga chini, uwe wao.

Chukua utepe wa karatasi au chaki. Weka alama mahali mguu wako wa kushoto unapotua kabla hujageuka. Hapo ndipo katikati. Kutoka hapo pima mita 1.7 kulia, mita 2 kushoto, mita 2 mbele. Vipimo hivi ni vya mtu wa kimo cha sentimita 170 hivi mwenye upanga wa shaku 2.4, yaani sentimita 72.7 za bapa. Ukiwa mrefu au mfupi zaidi, vuta au sogeza kwa sentimita kumi kumi hadi mkato ufike.

Simama kwenye alama ya kulia. Wewe sasa ni adui wa kwanza. Mkono wako wa kulia unaelekea kwenye mpini. Unamwona mtu yule anatembea, macho na kitako cha mpini wake vinamwelekea mwenzako wa mbele, unadhani zamu si yako. Kabla hujachomoa, amekugeukia. Huyu adui anakufa upanga wake ukiwa bado alani, na ndiyo maana hajasogea kwenye alama yake.

Nenda kwenye alama ya kushoto. Hapa tulia zaidi, kwa sababu huyu ndiye adui ambaye wanafunzi wengi hawamwoni kabisa. Umesimama mita 2 kutoka katikati. Mara yule mtu anakupa mgongo. Utangoja nini? Unachomoa, unanyanyua, unaingiza hatua nzima. Tembea hatua hiyo kweli, mara kumi, kwa mwendo wa mtu mwenye nia. Utajikuta karibu mita 1 kutoka katikati. Weka alama ya pili hapo. Sasa rudi kuwa mpiga upanga, geuka kutoka kulia kuja kushoto bila kupiga hatua, kama kata inavyotaka, na utaona kwamba mkato wa papo hapo unafika kwenye alama ile ya pili; ile ya kwanza uko mbali nayo. Kata haikupi hatua ya kumfuata wa kushoto kwa sababu yeye amekwisha kukujia. Anayemkata kwenye mita 2 anakata hewa kwelikweli, na mwili wake unajua, ndiyo maana unainama mbele na kusukuma kiwiliwili kujaribu kufika.

Sasa alama ya mbele. Huyu alielekezewa mpini usoni, akasita. Wakati wenzake wawili wanaanguka amepata nafasi ya kuamka: amechomoa, ameingia nusu hatua, na upanga wake unashuka. Alama yake ya pili iko mita 1.5 hivi kutoka katikati. Kwa kuwa upanga wake unashuka, wako haupandi wazi wazi. Unapita juu ncha ikiwa imeinama, ubavu wa bapa ukifunika kichwa na bega, ndipo unamkata.

Angalia basi walivyo tofauti. Wa kwanza hajachomoa, wa pili yuko katikati ya hatua, wa tatu anapiga. Hatari inapanda kila ukigeuka. Ukishalibeba hilo kichwani, mdundo wa kata unajiweka wenyewe: kati ya mkato wa kwanza na wa pili hakuna nafasi ya kupumua, kati ya wa pili na wa tatu kuna ule muda wa kukinga. Mwanafunzi asiyeona watu hutoa mikato mitatu kwa mapigo sawasawa, kama mchi kinuni. Sensei anausikia mdundo huo hata akiwa amekupa mgongo.

Shihogiri nayo ichorwe chini kabla ya kuguswa. Chora alama ya X, mistari miwili inayokatana katikati. Mbele kulia yuko wa kwanza, nyuma kushoto wa pili, nyuma kulia wa tatu, mbele kushoto wa nne. Kwanza unampiga wa mbele kulia kwenye ngumi ya kulia kwa ubapa wa mpini, kwa kuwa anataka kuchomoa. Kisha unamchoma wa nyuma kushoto kwenye chembe cha moyo. Unarudi kwa wa mbele kulia na kumkata. Unageukia nyuma kulia, unakata. Unageukia mbele kushoto, unapitia wakigamae, upanga ukiwa umefichwa ubavuni, unakata.

Matendo matano kwa watu wanne. Hapo ndipo wengi hupotea. Ukitazama mchoro, wa mbele kulia na wa nyuma kushoto wako kwenye mstari mmoja. Unampiga wa upande mmoja kwenye ngumi yake, unamchoma wa upande wa pili, unarudi palepale kwenye mstari uleule. Mpini kwenye ngumi haukumuua mtu. Umemchelewesha tu, na muda uliouiba kwake unautumia kwa yule wa nyuma usiyemwona. Kwa hiyo pigo la ngumi likiwa legevu, kata yote inaanguka kimantiki: yule ameshachomoa wakati wewe unachoma nyuma. Wanafunzi wengi hupiga pigo hili kama kubisha hodi. Lipige kwa uzito wa mwili, mguu wa kulia ukitua pamoja na mpini.

Baada ya mstari wa kwanza, umebaki mstari wa pili: nyuma kulia na mbele kushoto. Mizunguko yake ni rahisi kuikumbuka ukiihesabu kwa nyuzi: 180 kwenda kuchoma, 180 kurudi, 90 kulia kwenda nyuma kulia, 180 kwenda mbele kushoto. Kariri namba hizi kwa miguu, mikono ikiwa kiunoni, kabla hujashika upanga.

Sasa goti. Si bahati mbaya kwamba linauma la kushoto. Katika Sanpogiri unageuka juu ya mguu wa kushoto mara mbili. Katika Shihogiri, baada ya kuchoma nyuma, mguu wa kushoto ndio mhimili wa mikato yote mitatu iliyobaki. Wayo ukigandia sakafuni huku nyonga imeshageuka, msokoto wote unamezwa na goti. Tazama vidole vyako vya mguu wa kushoto mara tu baada ya mkato: vinamwelekea adui, au vimebaki vinatazama ulikotoka? Vikibaki nyuma, umepata jibu la maumivu yako.

Dawa yake ni hii. Uzito wote ukae kwenye sehemu ya mbele ya wayo, pale penye nyama nyuma ya vidole. Kisigino kinyanyuke kidogo tu, kiasi cha karatasi kupita chini yake. Kikinyanyuka sana utayumba, kikilala utagandia. Goti lilegee kidogo, lisinyooke kama mti. Kisha geuza nyonga, goti na vidole kwa pamoja, kama mlango unavyozunguka kwenye bawaba. Usigeuke kwa kisigino hata siku moja, maana mwili huangukia nyuma wakati adui anaingia. Kwenye saruji, mguu wenye jasho unashika kama gundi. Vaa tabi, yaani soksi za Kijapani zenye kidole gumba peke yake, au soksi nzito za pamba, au tandika turubai lililovutwa likakaza. Na kama goti limevimba au linauma hata ukiwa umekaa, pumzisha mazoezi ya kugeuka na umwone daktari kwanza, kata itakungoja.

Kuhusu kuishia pasipo pako: zungushia chaki mguu wa kushoto pale unapotua wakati wa kumchoma wa nyuma kushoto katika Shihogiri. Maliza kata yote. Mguu ukiwa umetoka nje ya duara, mhimili uliteleza au ulipiga kihatua cha wizi. Kihatua hicho huja wakati wa kugeuka kwenda nyuma kulia, kwa sababu mtu anaogopa kwamba hatafika. Ongeza urefu wa hatua ya mguu wa kulia, mhimili uache.

Macho yatangulie. Utaratibu ni macho, nyonga, mguu, upanga, na upanga ndio wa mwisho. Asiyeona watu hutanguliza upanga, kichwa kinafuata kama mkia. Jipime hivi: geuka kwa mwendo wa polepole sana, sekunde tano nzima, na usiruhusu mpini upite kifua kabla macho hayajatua kwenye uso wa adui. Nimesema uso, na uso una kimo. Ukitazama sakafu kwenye alama ya utepe, mkato utaishia sakafuni. Alama za chini ni za miguu. Macho yanahitaji kitu cha kimo cha mtu, kwa mfano fito iliyosimikwa kwenye kopo la mchanga na kufungwa kitambaa kwenye kimo cha paji la uso, nje kabisa ya eneo la upanga, mita 4 au 5 kutoka katikati, kwenye mwelekeo uleule.

Nije kwenye upanga wenyewe, maana kuna mambo matatu yanayoharibika kwenye kata hizi kuliko kwingine.

La kwanza ni ala. Unapogeuka kulia katika Sanpogiri, nyonga ya kushoto inakuja mbele, na ala inakuja pamoja nayo. Yaani mwili wenyewe unaisukuma ala ifuate bapa wakati unataka viachane. Mkono wa kushoto usipoivuta ala nyuma kwa makusudi, ukikaza ukanda mpaka kidole kidogo kiguse nyuma ya nyonga, ncha inakwaruza mdomo wa ala, upanga unatoka kwa kuruka, na mkato unakuwa wa mviringo kama kufyeka nyasi. Chunguza mdomo wa ala yako kwa mwanga: ukiona mikwaruzo upande wa ndani wa makali, huivuti vya kutosha. Upanga wenye makali halisi ungekuwa umeshapasua mbao na kufika kwenye vidole. Kidole gumba na vidole vingine vya kushoto vishike nje ya mdomo, visilale juu yake.

La pili ni mkato wa kwanza wa mkono mmoja. Unaishia kidevuni. Wengi huuacha ushuke mpaka kiunoni kwa kuwa mkono mmoja hauwezi kuusimamisha, na hapo wanalipa mara mbili: upanga uko chini wakati wa kushoto anaingia, na bega la kulia limevutwa mbele. Usimamishe kwa kukaza kidole kidogo na cha pili yake, bega likiwa limeshushwa. Ukiona hauwezi, upanga ni mzito kwako au unaushika kwa kidole gumba na cha shahada. Mikato ya mikono miwili inaishia ngumi zikiwa usawa wa kitovu na ncha imeinama kidogo chini ya usawa. Ikishuka zaidi ya hapo, kumgeukia anayefuata kunachelewa.

La tatu ni kuchoma nyuma na kuchomoa. Katika Tsuka-ate na Shihogiri, ala inavutwa nyuma na bapa lenyewe halisogei sana. Mgongo wa upanga unagusa kifua upande wa kushoto, makali yanatazama nje, macho yanageuka, ndipo unachoma, na mkono wa kushoto unaleta mdomo wa ala mbele ya kitovu. Ganmen-ate ni nyingine: pigo la kwanza la kitako cha mpini linaelekea katikati ya macho ya wa mbele, unageuka mzima, na mkono wa kulia unatua nyongani kabla ya kuchoma. Kosa ni lilelile katika zote tatu: mtu akishachoma hugeuka huku upanga bado umo mwilini mwa adui. Upanga uliochoma hutoka kwa njia uliyoingilia. Uvute kwanza kwenye mstari wake, hata kama ni kiasi cha shubiri mbili, wakati nyonga zinaanza kugeuka, ndipo unyanyue. Ukiuzungusha ubavu kwa ubavu, mtu anayekutazama anaona mara moja kwamba hapakuwa na mwili pale. Morote-zuki inakudai jambo hilo zaidi, kwa kuwa unachoma kwa mikono miwili mbele, na wa nyuma anangoja.

Kuna swali ambalo hukuuliza lakini lazima litakujia: je, hivi ndivyo mtu angepigana na watu wanne? Miyamoto Musashi, mpiga upanga mashuhuri wa Japani aliyefariki mwaka 1645, alifundisha kwamba ukizungukwa na wengi uwaswage upande mmoja mpaka wasimame mmoja nyuma ya mwingine, kama samaki waliotungwa, kisha uwaingilie wakiwa wamebanana, wala usingoje. Hiyo ni mbinu ya kutoka katikati. Kata za Shirikisho zinakuweka katikati kwa makusudi, kwa sababu zinafundisha kugeuka, na hali yake ni ya kushtukiwa ukiwa umeshazungukwa. Mitindo ya kale inayo yote mawili. Katika Eishin-ryu, iliyopangwa upya na Oe Masamichi aliyeishi kati ya 1852 na 1927, kuna Yukizure, ambapo umetembezwa katikati ya watu wawili, nawe unachelewa hatua moja ili watangulie kabla ya kuwakata. Na kuna Sodome, ambapo njia ni nyembamba, maadui wanakuja mmoja mmoja, unakata kwa mkono mmoja, unarudisha alani, unatembea, unakata tena. Kwa maoni yangu mwanafunzi wa mwaka wa tatu asichanganye. Ukianza kuhama katikati ndani ya Sanpogiri kwa sababu umesoma habari za Musashi, utapoteza kile ambacho Sanpogiri inakupa na hutapata cha Musashi pia.

Sasa baraza yako. Upanga ukipita juu ya kichwa, ncha inafika karibu mita 2.8 kwa mtu wa kimo cha wastani. Dari liwe mita 3 au zaidi, na kama kuna pangaboi, kulizima hakutoshi, maana mapanga yake bado yananing'inia palepale, hamia uani. Upana wa Shihogiri unataka nafasi tupu ya mita 5 kwa 5. Ukiwa na mita 3 tu, fanya kazi ya miguu na macho bila upanga, nayo si hasara. Kabla ya kila zoezi tazama kigingi cha mwanzi kinachoshikilia bapa kwenye mpini: kikiwa kimelegea, kimepasuka au kimezama, usipunge. Kila mkato unalivuta bapa kuelekea nje, na kigingi ndicho kitu kikuu kinacholizuia lisiruke. Ukikaa karibu na bahari, kagua pia mdomo wa ala. Mbao huvimba msimu wa mvua na kusinyaa wakati wa jua, na ala iliyolegea itakuachia upanga unapoinama. Upanga wenye makali usiutumie kwa kata hizi mpaka sensei wako mwenyewe akuambie.

Mpangilio wa zoezi la dakika 35 hivi peke yako ungekuwa hivi: dakika 10 za miguu tupu, nyuzi 90 na 180, kumi kila upande, dakika 10 za kuwa maadui, kila siku mmoja tu, ukitembea hatua zake, dakika 15 za kata kwa upanga wa mbao wenye ala ya plastiki, mara tano polepole na mara tano kwa mwendo wake, na mara mbili au tatu za mwisho kwa upanga wa aloi. Usirudie mara 30 mfululizo. Ikifika ya 12 hivi watu wanafutika, unabaki na mikono.

Kuhusu wenzako: ndiyo, waite, kwa masharti. Hakuna chuma. Upanga wa aloi hauna makali lakini ncha yake inatoboa mtu. Wote mshike bokuto, yaani upanga wa mbao, na wewe kabla ya kuanza nyosha mkono na upanga kwa kila mwelekeo, mguu ukiwa umeshaingia. Msaidizi arudi nyuma mpaka kuwe na nusu mita kamili kati ya ncha na kifua chake, na hapo ndipo alama yake ya mwisho, isiyovukwa kwa sababu yoyote. Kwa hiyo alama zote mlizopima mnazisogeza nje, na mikato inaishia mbele yao. Zoezi hapa ni wakati na macho. Umbali ulishaujifunza peke yako.

Raundi ya kwanza, wasimame tu. Wewe unakwenda polepole, na kila unayemgeukia anasema "ndiyo" pale tu macho yako yanapokutana na yake. Usipoisikia "ndiyo", usikate. Raundi ya pili, wa kushoto anaanza hatua yake anapouona mgongo wako, asingoje ishara. Wa mbele anaanza anapousikia mguu wa wa kushoto ukitua. Hapo utajua mara moja kama unachelewa, kwa kuwa utageuka na kumkuta mtu amesimama kwenye alama yake ya mwisho, upanga umeshuka. Mkichoka, acheni, ajali za bokuto huja kwenye raundi ambayo mtu alisema "moja ya mwisho".

Mkiwa watatu tu, yaani wewe na wawili, mmoja akae kushoto daima, mwingine abadilishane kati ya kulia na mbele. Yule wa kushoto umpe kazi moja ya ziada: kila ukimgeukia akuambie alichokiona kwanza, uso wako au upanga wako. Akisema upanga, rudi mwanzo, mkono mtupu, nyuzi 180, polepole.